Sufuria Haina Kengele

Mabibi na mabwana, wazee wa barabara zote za Ngamiani mlioacha bao na kahawa ili mje kuchota katika kisima cha maarifa yangu, na nyinyi vijana mliobanana dirishani kwa sababu ya ufinyu wa ua huu na wingi wa sifa zangu: assalamu alaykum. Nimepanda juu ya kreti hili la soda, ambalo kwa leo ni mimbari, si kwa kutafuta jaha, maana jaha ninayo, wala si kwa kutafuta mali, maana hiyo mtaniachia wenyewe kwenye kikapu kilicho mlangoni mtakapoondoka, bali kwa kuwa umma umepotea baina ya vyombo viwili, kimoja hupapaswa kwa kidole na kingine hukorogwa kwa mwiko, na hapana mtu mwingine katika mwambao huu, tangu Vanga hadi Pangani, aliyevitaalamikia vyote viwili kwa pamoja.

Adabu ya wanazuoni yataka msikilizaji amjue anayesema naye. Mimi ndiye mwasisi wa fani ya Simu na Sufuria, mkuu wa chuo kinachoifundisha, mhazili wake, mtahini wake, na mpaka sasa mhitimu wake wa pekee. Shahada yangu, iliyopigwa chapa kwa wino wa rangi ya dhahabu katika duka la stesheneri, mmeiona ukutani mlipoingia, na yule aliyecheka nimemtambua. Makundi ya simu ninayoyasimamia yanazidi vidole vya mikono yangu, na katika yote hapana hata moja ambalo neno la mwisho si langu, ingawa katika mawili ni kwa sababu wenzangu wote wamekwisha kuondoka.

Mbele yenu ipo seredani, makaa yake yamekolea, na juu ya makaa ipo sufuria ya wali wa nazi, ambayo imetelekwa hivi punde mbele ya macho yenu ili iwe burhani ya nitakayoyanena. Basi msiitazame kwa jicho la njaa, kwani hicho si chakula, hicho ni chombo cha utafiti. Bibi yangu, ambaye kivuli chake mnakiona nyuma ya pazia la jikoni, nimemsihi kwa upole asiingilie, maana majaribio ya kitaalamu hayafai kutiwa mkono na kila apitaye.

Tuanze na nasaba, kwa kuwa kitu kisichojulikana nasaba yake hakiozwi. Tarehe 3 Aprili 1973, katika mji wa New York, mhandisi wa kampuni ya Motorola aitwaye Martin Cooper alisimama kando ya njia, mkononi ameshika dude lililozidi uzito wa kilo moja, akapiga simu ya kwanza ya mkononi mbele ya watu. Na aliyempigia, nasema haya kwa uchungu, hakuwa mamake mzazi, wala mgonjwa aliyelazwa, wala mdeni wake, bali alikuwa mhandisi mwenziwe wa kampuni iliyoshindana nayo, ili amjulishe kwamba ametanguliwa. Yaani neno la awali kupita katika simu ya mkononi lilikuwa majisifu. Ikaja tarehe 3 Desemba 1992, kijana mmoja wa Uingereza, Neil Papworth, akaandika kwa kompyuta salamu za Krismasi, akazituma katika simu ya bwana mmoja aliyekuwa karamuni pamoja na wafanyakazi wenziwe; na bwana yule hakujibu, kwa kuwa simu yake ilikuwa na uwezo wa kupokea maandishi ilhali haikuwa na njia ya kuyatuma. Tafakarini nasaba hii, enyi wenye akili: upande wa baba, kujishaua, upande wa mama, kumkatiza mtu chakulani, kisha ujumbe kukaa bila ya jawabu. Mtoto wa wazazi hawa mlitaraji atoke na tabia gani? Na mnapolalamika leo kwamba mmemwandikia mtu akasoma akanyamaza, jueni kwamba kunyamaza huko ni mila ya ukoo.

Nani amefunua sufuria? Bibi, nilisema nini? Ati anakoroga mara moja tu, tui lisikatike. Tunaendelea.

Wengi wenu mmenijia faraghani mkinung'unika kwamba simu zenu ni kaidi jikoni. Si ukaidi, ni ujahili wenu wa elimu ya umeme. Kioo cha simu za siku hizi hakisikii nguvu ya kidole, kama wadhaniavyo wale wanaokitomasa kwa ghadhabu. Chini yake umetandazwa umeme hafifu mno, na kidole cha mwanadamu, kwa kuwa mwili hupitisha umeme, huuvuruga kidogo pale kinapogusa, nacho chombo hukadiria ni mahali gani palipovurugika. Maji nayo hupitisha umeme. Basi mtu akitoka kuosha mchicha, mikono ingali mbichi, akagusa ili kukata simu ya mwenye deni lake, kioo huona vidole saba mahali penye kimoja, na simu hupokelewa, na mwenye deni husikia mpaka mlio wa maji ya bomba, kwa hivyo udhuru wa kwamba mtu hayupo nyumbani huwa umebatilika. Ama mkono uliogandwa na unga wa chapati, huo kioo hukataa kuutambua kabisa, hata ukikigonga kwa dua. Nimewashuhudia mabibi wenye heshima zao, watu wa kuitwa shangazi mtaa mzima, wakipokea simu kwa ncha ya pua. Na kitaalamu hawakukosea, kwani pua ni mwili na mwili hupitisha umeme, ila tu aliyepiga kwa picha huonyeshwa matundu mawili ya pua badala ya uso wa mkwewe.

Katika mlango huu huu inaingia mita ya luku. Umeme ukimalizika usiku, tena aghalabu humalizika wakati kitunguu kimeanza kugeuka rangi, mwenye nyumba hununua kwa simu na kuletewa tarakimu 20, ambazo sharti azibonyeze moja baada ya moja katika mita iliyo gizani. Na taa yake ya pekee ni ya simu ile ile yenye tarakimu, ambayo ikielekezwa kwenye mita maandishi humpa kisogo, na maandishi yakimgeukia mita hurudi gizani. Mwanazuoni husuluhisha tatizo hili kwa kuhifadhi tarakimu kwa ghibu. Mimi huzihifadhi nne nne, na jirani zangu wameniarifu kwamba sauti yangu ya kuhifadhi inafika barabara ya tatu.

Sasa nafika kwenye kiini, na naomba walio nyuma waache kutazama sufuria wanitazame mimi. Simu imetuzoesha kuitwa. Kila kilichomo ndani yake kina kengele yake: ujumbe una mlio, mshahara una mlio, siku ya kuzaliwa kwa mtu uliyesoma naye madrasa na hukumpenda hata wakati ule ina mlio, na hata simu inayokaribia kuzima kwa kukosa chaji hutumia pumzi yake ya mwisho kulia. Mtu aliyelelewa na kengele, akikaa pasipo kengele, huamini kwamba hapana linalotendeka. Walakini sufuria haina kengele. Sufuria hutoa habari zake zote, tena kwa ukamilifu kuliko gazeti, ila huzitoa kwa sauti ndogo, kwa mvuke na kwa harufu, nazo humfikia yule tu aliyekaa karibu na aliyetulia. Seuze aliyeziba masikio kwa vile vijiti vyeupe anavyovivaa kijana aliyeegemea mlimao wangu.

Na iwapo mtasema kwamba upishi nao umo katika simu, nitawajibu kwamba nimeutafiti huko kwa bidii, usiku mwingi, nikiwa kitandani. Mpishi wa katika simu hana kichwa. Ni mikono miwili yenye hina na bakuli za kioo zilizopangwa kwa rangi. Kitunguu chake kimekatwa kabla hujafika, nyanya yake haina mbegu, nazi yake hutoka katika kopo, na mara tatu kabla ya chumvi hukuomba ubonyeze kengele, naam, kengele, ili upate kuitwa tena atakapopika kingine. Lakini hila yake kuu ni hii: anatia mchele, anafunika, na papo hapo anafunua, wali umeiva. Dakika zote zilizo baina ya kufunika na kufunua amezikata akazitupa kwa kuwa hapana kinachoonekana ndani yake, na wallahi ndizo dakika ambamo wali hupikwa. Wanaomtazama husoma kazi ya mpishi kama mtu anayesoma barua ya posa, akaruka kutoka salamu mpaka sahihi.

Basi mimi nitawasomea zile dakika. Nazi hukunwa kwenye mbuzi, ikakamuliwa kwa maji kidogo ya uvuguvugu katika kifumbu, ikatoka kasimile, tui zito, linalotengwa kando. Chicha ile ile hutiwa maji tena, ikakamuliwa tena, likatoka tui jepesi, na hili ndilo linalotangulia motoni pamoja na chumvi. Mchele umekwisha kuchaguliwa chuya na vijiwe, umeoshwa hadi maji yake yaache weupe. Kipimo cha tui ni vikombe viwili kwa kimoja cha mchele, lakini hapa ndipo wapishi wa kuhesabu wanapoaibika, kwa sababu mchele mpya, uliovunwa juzi, ungali na unyevu ndani yake, hutaka kidogo kuliko hicho, na wa zamani uliokaa ghalani hutaka zaidi. Na hapana kikombe kinachojua umri wa mchele. Mkono hujua. Ukiuchota mchele mpya hushikamana na kiganja.

Tui likitokota na mchele ukiwamo, sauti yake huwa nene na ya juu, ya kububujika, na joto lake huwa nyuzi 100 ambazo haliwezi kuzipita maadamu maji yapo. Wanga ulio katika punje huanza kunywa maji na kufura kabla ya kufika huko, takriban katika nyuzi 70, kwa hivyo wali wenyewe hauhitaji moto wa kuchoma nyumba. Wanaouchochea ni watu wenye haraka ya kurudi kwenye simu. Kisha sauti hupungua. Juu ya wali hutokea vishimo vidogo, kila kimoja kikipumua mvuke, na kububujika kule hugeuka kuwa mlio mwembamba, wa kunong'ona, ambao ukiusikia ndio wakati wa kumimina kasimile, kugeuza mara moja kwa mwiko kutoka chini, na kupunguza makaa. Kunong'ona nako hukoma. Hufuata kutatarika, tata, tata, kama mtu anayevunja vijiti mbali sana, na hiyo ni habari kwamba chini ya sufuria maji yamekwisha, joto limeachiliwa kupanda, na ukoko umeanza kufanyika. Mwaka 1912 tabibu na mwanakemia wa Kifaransa, Louis Camille Maillard, alieleza jinsi viasili vya protini na sukari vinavyoungana kwa joto vikazaa ile rangi ya kahawia na harufu ile inayowafanya watoto wagombane; mabibi zetu hawakuwahi kumsikia, ila walijua kabisa kwamba baina ya harufu ya nazi iliyokaangika na harufu ya wali uliounguzwa pana nafasi ya kuvuta pumzi chache, na kwamba katika nafasi hiyo makaa huondolewa chini yakapaliwa juu ya kifuniko. Pua zao zilikuwa zimekaa zamu.

Mnacheka nini? Ah. Bibi, hii ni mara ya pili. Kumimina kasimile ungeniachia mimi, nilikuwa naitaja. Na makaa hayo unayapeleka wapi? Haya, maadamu umekwisha kuyatoa, yaweke; lakini waheshimiwa mshuhudie kwamba mtaalamu hakuridhia.

Nilikuwa nikisema juu ya zamu ya pua. Sasa hebu ipigeni simu katika wakati ule wa kunong'ona, nanyi mtaona ni kwa nini mji huu unakula wali wenye kiini upande mmoja na bokoboko upande wa pili. Ni makundi. Kundi la ukoo, kundi la mtaa, kundi la waliosoma pamoja, kundi la mchango wa harusi ambayo maarusi wamekwisha kuzaa na kundi halijafungwa. Programu ya WhatsApp iliasisiwa mwaka 2009 na Jan Koum na Brian Acton, mabwana waliokuwa wametoka kufanya kazi Yahoo, na sina shaka kwamba walikusudia kheri. Lakini tangu mwaka 2022 kundi moja limeruhusiwa kubeba watu 1,024, na mimi nawauliza, katika historia ya Tanga ni lini watu 1,024 waliwahi kuwa jikoni mwa mtu mmoja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na rai?

Asubuhi huletwa maua. Waridi jekundu lenye umande na dua iliyoandikwa kwa herufi za mng'aro, mtu mmoja humletea mwenziwe, naye humletea wa tatu, hadi waridi lile lile humrudia aliyelitoa, akalishukuru. Waridi hizo huijaza simu mpaka yenyewe hulalamika kwamba haina nafasi, na mwenyewe hufuta picha za wanawe ili waridi zipate pa kukaa. Kisha huja habari za kutisha: usile embe kwa samaki, benki zitafungwa, mtu fulani mkubwa amefariki ilhali yuko kwenye televisheni anahutubia. Wenye programu waliona hatari hiyo, wakaweka kikomo mwaka 2019 kwamba ujumbe usipelekwe kwa zaidi ya mahali patano kwa mara moja, na mwaka 2020 ule uliokwisha kuzunguka sana ukapunguziwa hadi mahali pamoja. Hawakuijua mikono ya shangazi zetu. Shangazi hupeleka mahali pamoja, halafu mahali pamoja pengine, kwa subira ya mtunga ushanga, mpaka ukoo wote umeogopa embe.

Ama ujumbe wa sauti, huo ulikuja mwaka 2013, nao ndio adui mkubwa wa wali katika zama hizi, kwa kuwa maandishi waweza kuyapitia kwa jicho moja, sauti sharti uikalie. Mtu mwenye neno moja la kusema, kwamba kikao ni saa kumi, huanza kwa kubisha hodi, husalimu, huwauliza watoto mmoja mmoja kwa majina, hukohoa, humfukuza paka, na kikao hukitaja mwishoni ambapo pikipiki inapita. Tangu mwaka 2021 sauti hiyo yaweza kuharakishwa maradufu, nami nilidhani ni faraja, mpaka nilipoiharakisha taazia ya mzee mwenye heshima zake, ikasikika kama mnada wa samaki, na mfiwa alikuwa ameketi ubavuni mwangu.

Samahani, huu mlio ni wa kwangu. Ni shangazi, kutoka Maskati. Mtaniwia radhi, huyu hakatwi. Shikamoo shangazi. Sijambo, wote hawajambo. Nipo katika hotuba. La, shangazi, hotuba, si hospitali. Naam, watu ni wengi. Wali? Upo motoni. Nani anautazama? Elimu inautazama, shangazi. Haloo? Shangazi?

Mtandao umekatika.

Na kuhusu zile alama mbili zinazogeuka buluu ujumbe ukishasomwa, zilizoletwa mwishoni mwa mwaka 2014, sitasema mengi, kwa sababu katika hadhara hii naona angalau ndoa mbili zinazotazamana vibaya. Wala sitakawia katika desturi ya kupiga picha chakula. Zamani bismillahi ilitangulia tonge. Siku hizi kamera hutangulia bismillahi, samaki wa kupaka hugeuzwa geuzwa kutafutiwa upande wake mzuri, mwenye njaa huambiwa aondoe kivuli chake, na mchuzi unapopoa utando wa mafuta hujitanda juu yake, jambo ambalo katika picha huonekana kama mng'aro na watu hulisifu. Picha hupandishwa mahali ambapo hukaa kwa saa 24 kisha ikafutika. Samaki mwenyewe, akitiwa ndimu vizuri, angekaa muda huo huo.

Kijana mwenye vijiti masikioni amenyoosha mkono. Kumbe unasikia. Ati anasema hoja yangu imeporomoka kwa kuwa ipo sufuria yenye kengele, sufuria ya umeme, nao dada zake wanayo, hupika wali na kujizima yenyewe ikalia tiki. Nimefurahi, kwa sababu ujinga ukiletwa hadharani ndipo hupata kutibiwa. Sufuria hiyo ya kujizima iliingia sokoni Japani mwaka 1955 kwa jina la kampuni ya Toshiba. Kanuni yake ni ile ile niliyowasomea: maji yakiwapo joto halipiti nyuzi 100, maji yakimalizika joto hupanda kwa ghafla, na ndani yake ulitiwa ubapa wa madini mawili yaliyogandishwa pamoja, ambao ukipatwa na joto hilo hupinda na kuukata umeme. Yaani, kijana wangu, wahandisi wa Japani walifanya kazi kubwa ili kukipa kipande cha chuma pua ya bibi yako. Na walijuaje ni wakati gani? Fundi aliyepewa kazi hiyo ni bwana Yoshitada Minami, ambaye hakuwa mpishi. Aliyepima mchele na dakika, akapika, akatazama, akaandika, akapika tena, siku nenda siku rudi, ni mkewe, Fumiko. Bwana akatoka na sifa ya uvumbuzi, na bibi akabaki na sufuria. Mimi binafsi nimependezwa mno na mgawanyo huu wa kazi baina ya mwanazuoni na ahali yake, nao ndio ninaoufuata nyumbani humu.

Nani amekohoa nyuma ya pazia?

Tena kijana huyo ajue kwamba sufuria yake ya umeme hujua habari moja tu, kwamba maji yamekwisha. Haijui mchele ulikuwa mpya. Haijui kasimile imesahauliwa juu ya kabati. Haipalii makaa, haitoi ukoko wa kupigania, na luku ikimalizika katikati ya kazi yake hukaa kimya, kwa heshima, kana kwamba imemaliza.

Kwa hivyo fatwa yangu kwa mji wa Tanga ni nyepesi. Wakati wa kuteleka simu iwekwe chumba kingine, na si juu ya dirisha la jikoni karibu na moto, maana betri zake za lithiamu huharibiwa na joto upesi kuliko zinavyoharibiwa na watoto. Anayekufa atakufa bila ya ninyi kuarifiwa kabla wali haujakauka. Mwenye kikao atakupigia tena. Mkae kwenye kibao cha mbuzi, hata kama nazi imekwisha kukunwa, mikono ikiwa tupu, na mwanzoni mtaona uchovu wa ajabu, vidole vitatafuta kitu cha kupapasa, na jicho litakwenda mlangoni; kisha masikio yataanza kusikia sufuria. Mambo haya nayasema kwa yakini ya mtu aliyeyatazama kwa makini, akiwa amekaa barazani, yakitendwa na mwingine.

Bibi! Hiyo ni mara ya tatu, nawe sasa umekaa kabisa. Na makaa hayo juu ya kifuniko, nani amekuamuru? Hapana, usinyanyuke, basi, funua, waheshimiwa waone matokeo.

Tazameni! Tazameni punje zilivyosimama kila moja na mwenziwe pasipo kushikana, tazameni weupe wake, vuteni harufu hiyo, nanyi mnambie iwapo kuna mtu aliyebaki na shaka juu ya fani yangu. Wali huu umepikwa kwa hotuba. Hapana mkono wa mpishi uliougusa, nyinyi ni mashahidi, mbona mnatazamana? Kijana, swali lako kuhusu bibi yangu liko nje ya maudhui, tena muda wa maswali umepita. Mwana, lete sinia. Mchicha wa nazi upo kwenye chungu kile, na papa yuko kwenye bakuli lililofunikwa. Lakini asinyooshe mtu mkono kwanza, nawasihi, kwa kuwa ithibati ya namna hii haina budi kuhifadhiwa kwa ajili ya vizazi. Nipisheni nipige picha moja, niwapelekee makundi yote na shangazi Maskati aone. Sogeza kichwa, mzee, kivuli chako kimeangukia ukoko. Tena kidogo. Inaniambia nafasi imejaa. Ngojeni nifute waridi hizi, ni nyingi lakini hazichukui muda, moja, hii nayo, hii ni ya jana, hii ni ile ile ya jana, hii imetoka kwa sheikh siwezi kuifuta kabla sijaijibu... Haya, tayari, rudisheni sinia karibu na taa.

Sinia liko wapi?

Bibi, kwa hisani yako, hao wa dirishani nao wamekula? Nibakizieni japo ukoko.